Taa za Mbele, Taa za Nyuma

Jumamosi, 2 Machi

Amefaulu! Binti yangu amepata leseni ya ufundi umeme, leseni ya kwake mwenyewe yenye picha na muhuri, na katika darasa lililojaa wanaume yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza mbele ya watu! Haya, daftari, sasa hujambo? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kupiga simu. Nimempigia wifi yangu. Nimempigia kila mshonaji ninayemfahamu. Nimempigia hata yule mteja wa mapazia ya buluu, akanijibu, "Hongera, na mapazia yangu je?" Kuna watu ukiwapa furaha wanaitazama kama umewapa mzigo wa kubeba.

Mimi shule niliiacha mapema na cherehani ndiyo iliyonilea, kwa hiyo leo niachwe nijipige kifua. Mama mkwe wangu, anayekaa nasi kwenye chumba cha nyuma, aliipapasa ile leseni kwa vidole kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akasema, "Picha imetoka?" Nikamwambia imetoka, mama, na anacheka. Akasema, "Basi ni yeye."

Aliyenitia kichefuchefu ni shemeji, mdogo wa mume wangu. Mtaa mzima unamwita Injinia, ingawa umeme alijifunza kwa kushikashika. Nyumba hii yetu yeye ndiye aliyeifunga nyaya. Aliishika leseni kwa ncha za vidole, akairudisha na kusema, "Nzuri, shemeji. Lakini umeme haujui kusoma."

Nimeandika ili nisisahau.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Taa zimezimika nyumba nzima. Mume wangu kabadili waya wa fyuzi, zikawaka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Taa. Mume wangu na kiti chake na fyuzi yake.

Ijumaa, 8 Machi

Vilevile. Nilikuwa katikati ya pindo la pazia la mita nne. Pindo limekwenda upande kama njia ya mlevi, nimelifumua lote.

Jumapili, 10 Machi

Leo Fundi kafungua boksi la fyuzi. (Nimeacha kumwita binti yangu kwa jina lake. Ni Fundi sasa, na asiyependa shauri yake.) Boksi lenyewe ni lile la zamani, fyuzi za kauri, mfuniko umepasuka. Alichomoa ile ya taa akaiinua kwenye mwanga, akamwita baba yake kwa sauti ya upole inayotisha.

"Baba, hii ni nini?"

"Si waya wa fyuzi?"

"Baba, huu ni waya wa kufungia mzigo."

Mume wangu ni mtu asiyependa ugomvi hata na mlango uliokwama. Akasema, "Ule mwembamba ulikuwa unakatika kila siku."

"Kazi yake ni kukatika! Huu haukatiki. Huu utaacha nyumba iungue, wenyewe ubaki mzima."

Akazima swichi kubwa na kuuondoa hapohapo. Kisha akanionyesha jambo jingine. Kwenye fyuzi ile moja ya taa zimebanwa nyaya mbili. Moja inakwenda mbele, yaani sebuleni, chumbani kwetu na kwenye cherehani yangu. Nyingine inakwenda nyuma, ng'ambo ya korido yenye vidaraja vitatu vya ngazi, kwenye vyumba tulivyoongeza mama mkwe alipokuja kukaa nasi: chumba chake, jiko, bafu na veranda. Taa ya veranda ndiyo inayoingia maji mvua ikipiga upande. Ikiloa yenyewe, fyuzi inakatika na nyumba nzima inakuwa giza.

Anasema boksi hili libadilishwe lote, na taa zigawanywe, laini ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kila moja na swichi yake ya usalama inayojishusha umeme ukivuja.

Nikamwambia, kumbe ni kama gauni lililoshonwa lote kwa uzi mmoja usiofungwa fundo. Ukivuta pindoni, hata shingo inafumuka.

"Ndiyo hasa, mama."

Unaona, daftari? Halafu watu wanauliza akili huyu mtoto kaitoa wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika polepole, nisije nikaruka jambo.

Jioni mvua ilikuja na upepo. Mama mkwe alitoka chumbani kwake kuja sebuleni kusikiliza redio, kama kila siku saa ya taarifa ya habari. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilimsikia akija na fimbo yake, tap, tap, na ule wimbo wake wa kuguna. Korido ilikuwa na mwanga. Halafu taa zikaenda. Zote. Nikasikia fimbo ikibingirika, kisha kitu kizito, kisha hakuna wimbo.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimfikia kwa kupapasa ukuta. Alikuwa amekaa kwenye kidaraja cha chini, ameshika kifundo cha mkono wa kulia, na jambo la kwanza aliloniambia ni, "Usipige kelele, nimeanguka tu." Anguko na "tu" wapi na wapi! Nilimkumbatia hapo chini, tukakaa gizani wawili, mvua inatwanga bati, mpaka mume wangu akaja na tochi.

Mfupa umepata ufa. Wamemfunga plasta. Daktari anasema mtu wa umri wake ana bahati kuwa si nyonga.

Fundi alirudi kutoka kazini akakuta yote yamekwisha. Alikwenda kusimama mbele ya boksi la fyuzi akalitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyemfahamu.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi amekuja na gari akamchukua mama. Ni mama yake, sina la kusema. Lakini namna alivyosema! Kasimama kwenye korido yangu, mikono kiunoni: "Wifi, simrudishi mama kwenye nyumba inayozimika kama kibatari."

Nyumba yangu kibatari! Nyumba ninayoideki kila asubuhi, yenye mapazia ambayo yeye mwenyewe kaniomba kwa miaka nimshonee mfano wake!

Nikamwuliza, "Basi anarudi lini?"

"Taa zikitengemaa. Na zitengenezwe na mtu anayejua."

"Anayejua yuko ndani ya nyumba hii."

"Nina maana mtu mzima, wifi."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari, mkono mweupe wa plasta kwenye paja. Akashusha kioo akaniita. "Mwanangu, godoro langu lianikwe jua likitoka. Lisije likanuka unyevu kabla sijarudi."

Nimelianika leo hiihii, na jua lenyewe halikuwapo.

Jumatano, 20 Machi

Mama mkwe kapiga simu. "Huku hata sukari wananikorogea wao." Kwa mwingine hayo ni mapenzi. Kwake yeye ni kifungo.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Tumekaa na mshumaa. Mume wangu anasema atamwambia mdogo wake aje abadilishe boksi. Nimemwambia kwa sauti ndogo kwamba akifanya hivyo nitalala kwenye cherehani. Akafikiri nafanya utani.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimempa mtu vidonge vyake.

Shemeji alikuja bila hodi, kabeba boksi jipya, bado kwenye karatasi yake, akaliweka mezani juu ya kitambaa changu. "Nimewaletea. Nafasi sita. Taa moja, soketi mbili, jiko, maji ya moto, na moja ya akiba. Kazi ya asubuhi moja."

Fundi alimwamkia vizuri kama nilivyomlea. Kisha akauliza, "Taa nafasi moja, Baba Mdogo?"

"Sasa unataka ngapi?"

"Mbili. Mbele na nyuma."

Shemeji akacheka, akamgeukia mume wangu kana kwamba mtoto hayupo. "Kaka, washa taa zote za nyumba hii kwa pamoja, hazifikii pasi moja ya shemeji. Laini mbili za nini? Za kutundikia nguo?"

"Najua taa ni nyepesi, sizigawi kwa sababu ya uzito," akasema Fundi. "Nazigawa ili moja ikifa nyingine ibaki."

"Badilisha ile ya veranda inayoloa, mambo yamekwisha."

"Nimeshaibadilisha asubuhi hii. Leo ilikuwa veranda, kesho itakuwa bafuni, keshokutwa panya katafuna waya juu ya dari. Bibi atajuaje ni ipi itakayomzimia akiwa katikati ya vidaraja?"

"Na ukimpa tochi?"

"Mkono mmoja una fimbo, mwingine una plasta. Tochi ataishika kwa meno?"

Nilitaka kupiga makofi. Nikajizuia.

Shemeji akaacha kucheka. Akasema pole pole, "Nyumba hii naijua mimi. Nimeijua kabla wewe hujaota meno. Usizitenganishe hizo laini. Zitakusumbua."

Umeyasikia maringo hayo? Eti anaijua! Kama bwana arusi anayemsema mkewe! Hapo ndipo nilipolipuka. "Shemeji, wewe ndiye uliyezifunga pamoja, na mama yako ndiye aliyeanguka. Kama hivyo ndivyo kuijua nyumba, heri mgeni!"

Mume wangu alikohoa kikohozi kisicho na kifua. Shemeji alichukua kofia yake, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Boksi akaliacha mezani.

Baadaye mume wangu, bila kumtazama mtu, alimwuliza binti yake, "Ukizitenganisha, kisha zikakataa?"

"Nitakaa nazo mpaka zikubali."

"Basi Jumamosi ijayo."

Nimeolewa na mtu wa maneno machache, lakini leo machache yake yametosha.

Jumanne, 26 Machi

Fundi anasema boksi aliloleta shemeji ni zuri, la kampuni nzuri, na ile nafasi ya akiba ndiyo itakayobeba laini ya pili ya taa. Nikamwambia asiniharibie hasira zangu.

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi: umeme umezimwa. Fundi kavaa ovaroli niliyompunguza kiuno mwenyewe, maana wanawashonea wanaume tu kana kwamba wanawake hawana mikono ya kushika bisibisi. Majirani wamepita mara nyingi kuliko haja zao. Nimewaambia wote anafanya nini. Mmoja akauliza, "Peke yake?" Nikamwambia, "Kwani kwenu huwa mnapika wangapi?"

Mchana: kila waya anaubandika karatasi yenye maandishi madogo. Swichi zimekaa mstari mmoja kama vifungo vya shati jipya. TAA MBELE. TAA NYUMA. Karibu nilie.

Alasiri: zimewaka! Sebule, vyumba, jiko, bafu, veranda. Akazima ya nyuma, mbele ikabaki. Akazima ya mbele, nyuma ikabaki. Nimempigia wifi. Nimesema maneno mengi. Nikamwambia kesho Jumapili amlete mama. Akasema ataona.

Jioni, na ninaandika kwa mshumaa tena: giza lilipoingia nilikwenda mwenyewe kuwasha taa ya korido, kwa mbwembwe, na majirani wawili wako sebuleni. Nikabonyeza. Taa ya korido ikamulika kitambo cha kupepesa jicho, kisha pah! Mbele ikazimika. Pah! Nyuma nayo ikazimika. Nyumba nzima. Swichi zote mbili mpya zimejishusha kwa pamoja.

Fundi akazipandisha. Zikakaa. Nikabonyeza korido. Zikaanguka.

Majirani wakaaga. Mmoja alikuwa anacheka kooni, nilimsikia.

Jumapili, 31 Machi

Wifi kapiga simu asubuhi kuuliza kama amlete. Nilimwambia barabara ni mbaya kwa mvua. Nimedanganya, na barabara yenyewe ni ya lami.

Jumatano, 3 Aprili

Taa ya korido imefunguliwa nyaya zake na kufunikwa. Zote zingine zinawaka, laini mbili, safi kabisa. Gizani pamebaki mahali pamoja tu, penye vidaraja vitatu, pale pale alipoanguka mama. Niambie kama huu si uonevu.

Fundi kanieleza. Swichi hizi mpya kila moja inapima umeme unaotoka na unaorudi. Taa ya korido inatoa umeme wake kwenye laini ya mbele, lakini umeme ukimaliza kazi unarudi kwa waya wa laini ya nyuma. Swichi ya mbele inaona umetoka haujarudi. Swichi ya nyuma inaona umeingia mgeni haikumtuma. Zote mbili zinapiga ukelele na kuanguka.

"Kama mtoto aliyetoka mlango wa mbele akarudi kwa mlango wa nyuma," nikamwambia. "Aliyesimama mbele analia mtoto kapotea."

"Ndiyo, mama. Na zamani hakuna aliyejua, kwa sababu milango yote ilikuwa na mlinzi mmoja."

Swali ni pale nyaya zilipounganishwa ni wapi. Zinaingia ukutani na kupotelea humo.

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi kaingia darini, katoka mweusi kwa vumbi. Hakuna.

Jumapili, 7 Aprili

Mume wangu: "Si uzirudishe pamoja tu kama zamani, mama arudi nyumbani?"

Fundi: "Zirudi pamoja, halafu mvua ya kwanza?"

Nami, naandika hapa tu, nilitamani akubali. Chumba cha mama kinanuka upweke. Redio hakuna anayeiwasha. Lakini kukubali ni kumpa shemeji ushindi kwenye sahani, na sahani yenyewe niioshe mimi.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Shemeji hajakanyaga hapa tangu siku ile. Nasikia anajua kila kitu, maana jirani mwenye kicheko cha kooni ndiye mteja wake. Bila shaka anakunywa chai huku akicheka. Na acheke.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama mkwe kwenye simu: "Wameniuliza kama niletewe kabati langu huku."

Kabati! Sasa wanamhamisha! Nilishika simu mpaka ikawa moto. Nikamwuliza, "Mama, umewajibu nini?"

"Nimewaambia kabati lina mlango mbovu, haliwezi kusafiri."

Kabati lake halina ubovu wowote. Lakini atadanganya mpaka lini, maskini?

Jumamosi, 13 Aprili

Tumegombana, mimi na Fundi, kwa mara ya kwanza tangu awe na leseni.

Kasema, "Naenda kwa Baba Mdogo."

"Kufanya nini?"

"Kumwuliza alifunga wapi."

"Hutakwenda! Umpigie magoti mtu aliyesema umeme haujui kusoma? Bomoa ukuta. Nitapaka rangi mwenyewe."

"Nibomoe ukuta upi? Ziko nne."

"Bomoa zote!"

"Mama." Alikuwa amekaa kwenye kidaraja cha chini, kucha zimejaa plasta ya ukuta. "Mimi sitafuti sifa. Natafuta waya."

Basi nikageuka nikarudi kwenye cherehani. Alivaa viatu akaenda. Nilishona mkono wa gauni ndani nje.

Jumapili, 14 Aprili

Amekuja. Shemeji amekuja, na kofia yake, na nyundo ndogo. Nilimkaribisha kwa heshima zote na bila tabasamu lolote.

Hakuangalia boksi. Alikwenda moja kwa moja kwenye korido, akaniomba tusogeze kabati langu la vitambaa, akagonga ukuta kwa nyundo, ko, ko, ko, mpaka sauti ikabadilika ikawa tupu. "Hapa."

Fundi akachimba. Chini ya plasta na rangi kulikuwa na kiboksi kidogo, nyaya zimekunjwa ndani kama soksi.

Shemeji akaanza kueleza, na alikuwa anauambia ukuta. "Ile siku ya kumleta mama. Shemeji hapa alitaka taa ya korido iwashwe na kuzimwa pande zote mbili, ili mama asitembee gizani hata hatua moja. Mama yuko njiani. Mtu wa rangi kasimama nyuma yangu na brashi. Waya wa kurudi wa upande wa mbele haukufika. Wa nyuma ulikuwa hapa hapa. Zote zilikuwa chini ya fyuzi moja, nikaona ni sawa, nikaufunga, tukapiga plasta."

"Ilikuwa sawa kwa boksi lile," akasema Fundi.

"Ndiyo maana nilikuambia usizitenganishe."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Ulisema zitamsumbua! Hukusema kwa nini! Ulisema unaijua nyumba!"

"Nilisema nusu, shemeji."

"Na nusu nyingine?"

Akazungusha kofia mkononi. "Nilifanya kwa haraka, kwa mama yangu mwenyewe. Ningelisema hilo vipi mezani, mbele ya kaka, mbele ya mtoto mwenye leseni? Niliona aibu."

Aibu! Kwa hiyo aibu yake ilikaa ukutani imepakwa rangi, na mama yake anakorogewa sukari na watu! Nilikuwa na maneno ya kujaza magunia. Nikamtazama, na jamani, yule mtu amezeeka. Nilikuwa sijaona. Alipotaka kusimama alijishika ukutani. Nikamletea kiti. Nilikitua kwa kishindo, lakini nilikileta.

Halafu wakaanza kubishana, na safari hii nilipenda kusikia. Fundi alitaka taa ya korido iingizwe yote laini ya nyuma, kwa sababu nyaya ziko karibu.

"Iweke mbele," akasema shemeji.

"Mbele ni mbali, Baba Mdogo. Itabidi nivute waya mpya mpaka kule."

"Vuta. Mvua ya nyumba hii inaingilia wapi? Nyuma. Nyuma ikizimika, mama atatoka chumbani kwenye giza kuja kwenye mwanga. Vidaraja viko katikati. Unataka avione au asivione?"

Fundi akapima kwa macho kutoka ukuta mpaka boksi. "Avione."

"Basi."

"Utanishikia ngazi?"

"Kwani nilikuja na nyundo kufanya nini, Fundi?"

Amemwita Fundi. Nililisikia neno lile kutoka jikoni. Na lile la kuiweka mbele lilikuwa la maana, naliandika mara moja na sitalirudia.

Jumanne, 16 Aprili

Wanavuta waya. Korido yangu imejaa vumbi, vipande vya plasta, na wanaume wawili na mwanamke mmoja wanaokunywa chai bila kuosha vikombe.

Jumamosi, 20 Aprili

Imekwisha. Saa ya magharibi, mvua ikinyesha vizuri tu, Fundi kaniambia, "Washa, mama."

Safari hii hakukuwa na majirani wala mbwembwe. Nilibonyeza. Korido ikawaka. Nikasubiri ile pah. Haikuja. Nikaenda mwisho wa pili nikazima. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha mpaka mume wangu akasema, "Mama Fundi, utaichosha."

Kisha Fundi akaenda kwenye boksi akaishusha TAA NYUMA kwa makusudi. Jiko giza. Bafu giza. Chumba cha mama giza totoro. Nikatoka humo chumbani, macho nimeyafumba nusu kama yake, mkono ukutani, nikaja mpaka mlangoni. Na mbele yangu vidaraja vyote vitatu vilikuwa vinang'aa, ningeweza kuokota sindano.

Nilikaa kwenye kile cha chini nikalia. Shemeji alijitia kufungafunga vyombo vyake.

Jumatatu, 22 Aprili

Wifi anataka kumleta fundi wake wa huko aje akague kwanza. Fundi wake! Nilimwambia, "Mlete, na kalamu yake, na miwani yake. Akimaliza kukagua, binti yangu atamkagua yeye." Kisha shemeji akaninyang'anya simu mkononi, sijui alitokea wapi, akasema, "Dada, mimi nimesimama hapa. Kazi hii ningeitia sahihi yangu. Mlete mama." Wifi akanywea. Mimi alinibishia majuma yote haya, kaka yake kamwambia neno moja akanywea. Nimefurahi na nimechukia kwa pamoja, kichwa kinaniuma.

Fundi kasema akague tu, hana wasiwasi, ndivyo kazi zinavyofanyika. Ana moyo wa baba yake huyu. Sura ni yangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Fundi wa wifi alikuja, akafungua, akapima, akabonyeza kila kitu. Akauliza ni nani aliyeandika vile vikaratasi vidogo. Nikamwambia. Akauliza anafanya kazi wapi, maana wao wanatafuta mtu. Nilimjibu kwamba ana shughuli nyingi, kisha nikamkimbilia getini nikampa namba ya simu ya binti yangu.

Wifi kapiga simu mwenyewe. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Aliuliza tu kama yale mapazia ya korido bado naweza kumshonea ya kwake. Nikasema nitafikiria. Nimeshakata kitambaa.

Mama mkwe akamnyang'anya simu. "Mwanangu, nikija nataka nitembee mwenyewe kutoka chumbani mpaka kwenye redio. Mtu asinishike." Nikamwambia hakuna atakayemshika, mama, tutasimama pembeni tunaangalia.

Basi nimewaambia wote. Wifi na watoto wake, shemeji na mkewe, wale majirani wote wawili pamoja na yule mwenye kicheko, hata mteja wa mapazia ya buluu kwa kuwa yamekwisha. Waje kabla ya jioni, wakae mpaka giza liingie, wamwone mama akija mwenyewe mpaka kwenye redio yake. Mvua inyeshe isinyeshe, ni Jumapili hii, tarehe ishirini na nane.